Mrejesho: spika nimepata, deni sina

Niliwauliza kama nichukue amplifaya na spika kwa kulipa mdogo mdogo au kwa mkopo wa simu. Mlinikataza, ahsanteni. Pesa nimezifungia M-Shwari, ile akiba ya kwenye simu, nisizichezee, na kwanza nikatafuta spika za mtumba Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Nimepata jozi: mbao nzima, koni ile inayotetemeka kutoa sauti nzima, ila sponji ya ukingoni mwake imeoza, ukiigusa inabaki kidoleni kama masizi. Hewa ya pwani hiyo. Muuzaji aliziona taka, bei ikashuka yenyewe. Fundi kabandika ukingo mpya wa raba, na besi imerudi, wallahi! Amplifaya bado ya kuazima kwa shemeji. Akiba ikifunguka nanunua taslimu. Sabufa, ile spika ya besi nzito, itangoja, majirani wa Tudor wapumue kidogo.