Naomba ushauri: nyimbo ambazo msanii anamtaja msanii mwenzake kwa jina

Wadau, habari zenu. Naandaa orodha ya nyimbo ambazo mwanamuziki anamtaja mwenzake kwa jina, nimekwama kwenye kuamua upi uingie na upi ubaki nje.

Nilianza na "Sir Duke" ya Stevie Wonder ya mwaka 1976. Mhusika mkuu ni Duke Ellington, mwanamuziki wa jazi, ila ndani ya ubeti mmoja wanapita pia wanamuziki wenzake Basie, Miller na Ella. Louis Armstrong naye yumo, lakini kwa jina lake la utani, Satchmo. Je, hilo linahesabika? Commodores kwenye "Nightshift" (1985) wanawakumbuka Marvin Gaye na Jackie Wilson, wote walifariki mwaka 1984, na wanawaita Marvin na Jackie tu. Huu siutoi hata mkinizomea.

Kichwa kinaniuma zaidi kwenye vijembe. Lynyrd Skynyrd walimtaja Neil Young waziwazi kwenye "Sweet Home Alabama" (1974), wakimjibu kuhusu wimbo wake "Southern Man", alioukosoa ndani yake ubaguzi wa rangi wa Kusini mwa Marekani. Mimi naona kumjibu mtu kwa jina nako ni kumtambua, ila kuuweka jirani na maombolezo naona kama unaharibu hali ya hewa. Nitenganishe orodha mbili, au nipange kwa miaka tu?

Rapu nimeiacha kwanza, maana huko majina yanamwagika.

Halafu naombeni nyimbo ambazo mwanamke anamsifu mwanamke mwenzake kwa jina. Kwangu upande huo bado ni mtupu.