Laptopu ya mtandaoni: nilipe kodi ya jimbo, niagizie Delaware, au nisubiri Agosti?

Mtu_wa_Tandika:
Wakuu, habari za wikendi. Kuna laptopu nimeipenda mtandaoni, dola 1,400. Nikifika kwenye kulipa inakuwa 1,515 na senti 50. Hiyo kodi ya mauzo ya jimbo hapa Marekani inaniuma kweli. Nina njia tatu:
a) nilipe yaishe
b) iende kwa binamu yangu Delaware, kule hawana hiyo kodi, halafu anirushie
c) nisubiri Agosti, nasikia kuna siku za kununua vitu vya shule bila kodi
Nipeni uzoefu, hasa waliowahi kufanya (b).

Kidagaa:
Jimbo gani? Mnaleta uzi nusunusu halafu mnataka jibu zima.

Mama Sele:
Na ni ya kazi gani? Dola 1,400 ni nyingi kama ni ya kusomea barua pepe na kuangalia tamthilia.

Hesabu_Kali:
115.50 kwa 1,400 ni asilimia 8.25. Nabahatisha Texas: 6.25 ya jimbo, 2 ya mji na wenzake. Uko Houston au Dallas?

Mtu_wa_Tandika:
Houston. Umenipata mkuu.

Hesabu_Kali:
Basi (c) ifute. Agosti ya Texas ni nguo, viatu, mabegi na madaftari, kila kimoja kisifike dola 100. Kompyuta haimo. Wanaofaidi ni Florida, siku hizi Agosti nzima, kompyuta isizidi 1,500. Tennessee nao wana siku tatu mwisho wa Julai, kikomo hichohicho. South Carolina wikendi ya kwanza ya Agosti, hata kikomo cha bei hawana.

JiraniTampa:
Wa Florida nathibitisha, wanangu wote nawanunulia Agosti. Angalizo: bei ikiwa 1,501 unatozwa kodi ya 1,501 yote, si ya ile dola moja iliyozidi. Na kama una roho ya kusubiri, subiri. Mimi singenunua kompyuta mwezi mwingine wowote.

Mzee Kijiwe:
Nyie mmekuja juzi. Sisi tulionunua kompyuta mtandaoni miaka ya 2000 hiyo kodi tuliisikia kwa majirani tu. Duka likiwa halina jengo wala ghala jimboni kwako, lilikuwa halilazimishwi kukutoza. Ndivyo Mahakama ya Juu ilivyoamua 1992, kesi ya Quill. Wenye maduka ya mitaani walilia miaka na miaka: mteja anakuja kujaribu kompyuta kwao, anabonyezabonyeza, anaenda kuagiza nyumbani. Juni 2018 jimbo la South Dakota wakawashinda Wayfair, duka la mtandaoni, majaji 5 kwa 4: jimbo linaweza kulilazimisha duka litoze hata kama halina jengo humo. Raha ikaisha. Katika majimbo yenye kodi ya mauzo, Missouri ndio walikuwa wa mwisho kuanza kuyalazimisha maduka hayo, Januari 2023. Amazon wao walishaanza kutoza majimbo yote yenye kodi hiyo tangu Aprili 2017.

Kidagaa:
Mzee shikamoo, somo zuri, ila mtu anataka laptopu.

Mzee Kijiwe:
Marahaba. Subira.

WaWilmington:
Njoo (b). Delaware, Oregon, Montana na New Hampshire hakuna kodi ya mauzo kabisa. Alaska jimbo halitozi ila baadhi ya miji inatoza, msidanganyane. Kodi inafuata anuani inayopokea mzigo, haijali kadi yako ni ya wapi. Hapa kwetu bei iliyoandikwa ndiyo unayolipa, kama dukani Kariakoo baada ya kupatana.

Mhasibu_wa_Mtaa:
Kuna kitu mnakiruka. Ukiinunua Delaware ukaileta Houston kuitumia, Texas wanakudai kodi ya matumizi, asilimia ileile. Kwa kuwa Texas hakuna kodi ya mapato ya jimbo ambayo ungeiunganisha nayo, hiyo unaijazia fomu yake, 01-156. Kwa hiyo (b) kisheria haikuokolei hata senti, inakuongezea nauli ya mzigo.

WaWilmington:
Nitajie mtu mmoja unayemjua aliyejaza hiyo fomu kwa laptopu moja.

Mhasibu_wa_Mtaa:
Mimi sikusema watu wanajaza. Nimesema wanadaiwa. Na wengine humu mna maombi ya uraia: fomu ya N-400 inauliza kama una kodi unayodaiwa ya serikali kuu, jimbo au mtaa. Utatia tiki wapi?

Kidagaa:
Yaani uraia wa mtu uzuiwe na dola 115?

Mhasibu_wa_Mtaa:
Sijasema uzuiwe. Nimesema utajibu nini.

BintiUnguja:
Ngojeni niwaeleze ya kwangu, maana hii tamaa ya kukwepa kodi ilinipeleka pabaya. Nilikuwa natafuta laptopu ya chuo. Kila duka linanitoza kodi isipokuwa kimoja, kiduka cha mtandaoni sikitaji, bei nzuri na kodi sifuri. Nikaona hawa ndio watu wangu. Ikaja baada ya wiki mbili, imefungwa na plastiki ya kufungia chakula. Ikafanya kazi vizuri siku chache. Siku niliyoifuta ili nianze upya ikaleta ukurasa inataka jina na nywila ya kampuni fulani ambayo hata siijui. Kumbe ni kompyuta ya ofisi ya watu, bado imesajiliwa kwao, ukiifuta tu inajirudisha kwa mwenyewe. Nikaandika barua pepe, kimya. Nikapiga simu, namba haipo. Waranti nikaambiwa na watengenezaji nilete risiti, na risiti yenyewe haina jina la duka wala anuani. Pesa niliipata baada ya kupambana na benki ya kadi miezi, na huo muhula nilikuwa naandika kazi za chuo kwenye simu. Sasa hivi duka lisiponitoza kodi kwenye jimbo lenye kodi, mimi ndiye ninayeanza kulihoji.

Hesabu_Kali:
Pole dada. Ila tuwe wa haki, kuna vijiduka halali visivyotoza kwa sababu mauzo yao jimboni hayajafika kiwango cha kulazimishwa kutoza. Texas ni dola 500,000 kwa mwaka. Ndio maana wadogo wanapita.

BintiUnguja:
Sawa, lakini mnunuzi atawatofautishaje?

Mama Sele:
Mleta mada bado hajajibu. Laptopu ya nani?

Mtu_wa_Tandika:
Ya mdogo wangu, yuko UDOM mwaka wa pili. Kuna jamaa wa New York anaenda Dar Desemba ataibeba.

Kidagaa:
Unaona sasa! Tumeshinda hapa na kodi za Texas, kumbe mzigo unaenda Dodoma.

WaWilmington:
Hiyo inabadilisha kila kitu. Binamu aipokee Delaware, jamaa aipitie au atumiwe New York, haigusi Texas. Kodi ya matumizi ya Texas ni ya kutumia Texas.

Mhasibu_wa_Mtaa:
Ikipitia New York kwa posta utaniuliza tena. Na Dar je? Ushuru wa forodha wa kompyuta Afrika Mashariki ni sifuri, lakini VAT ni asilimia 18. Umekimbia 8.25.

JiraniTampa:
Moja mkononi, imefunguliwa kwenye boksi, nani atamuuliza? Mimi nimepita JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, mara nyingi.

Mhasibu_wa_Mtaa:
Haya, umepita.

Mama Sele:
Mwanafunzi wa UDOM anahitaji ya 1,400? Mchukulie iliyokarabatiwa kiwandani yenye waranti, ya 600, kodi yake Houston haifiki dola 50, na hela inayobaki umtumie ya chakula.

Mtu_wa_Tandika:
Anasoma usanifu wa majengo mama, zile programu zake ni nzito.

Mama Sele:
UDOM wana usanifu wa majengo?

Mzee Kijiwe:
Huyo jamaa wa New York anaondoka tarehe ngapi? Nina dawa za mama, hazifiki hata kilo mbili.

BintiUnguja:
Na mimi nina viatu tu, jozi moja.