Eti gridi ni ya TANESCO! Laki mbili na nusu yangu jamani

Wakuu, leo sina salamu. Nimeshuka zile ngazi sasa hivi, nipo kwenye daladala la Mbagala nimesimama kwa mguu mmoja, naandika kwa kidole gumba. Herufi zikikosewa mnisamehe, hasira haina kamusi.

Yule bwana mnamjua. Wa shati la mikono mifupi na tai. Wa "kanuni ni kanuni" kila baada ya pumzi mbili. Wa lile tangazo la HTML na CSS, zile lugha za kutengenezea kurasa za mtandao, Kozi ya Ngazi ya Juu. Ngazi za juu nimeziona kweli: ghorofa ya nne na lifti imekufa. Wiki ya tatu hii, ngazi nyingine ya juu sijaiona.

Laki mbili na nusu! Nililipa kwa mkupuo kwa sababu alisema wa mkupuo cheti chake kinagongwa muhuri.

Leo nikanyoosha mkono. Darasani tupo kama thelathini, mimi mstari wa mbele kama inavyompasa mtu aliyelipa kwa mkupuo. Nikauliza kuhusu gridi, ile njia ya CSS ya kupanga vitu kwa safu na nguzo, kwa adabu zote nilizofundishwa kwetu: "Samahani mwalimu, gridi tunaanza lini?" Bwana yule akavua miwani. Akaipangusa kwa tai. Akanitazama kama nimemuomba nauli ya kwenda Mwanza. "Gridi? Gridi ni ya TANESCO. Kaa chini."

Darasa likapasuka. Kuna dada alicheka mpaka kiti kikang'oka mguu. Hata feni ilisita kidogo.

Gridi ni ya TANESCO!

Na sikuuliza ya mbinguni. Dada yangu anauza vitenge, nataka kadi tatu za bidhaa zikae mstari mmoja kwenye kompyuta, na kwenye simu zipangane moja chini ya nyingine. Basi. Yeye katufundisha float: left (kadi inasukumwa kushoto, zinazofuata zinajipanga ubavuni), kila kadi width: 33.33%, halafu padding: 20px, nafasi ya ndani ya kadi. Piga hesabu mwenyewe: padingi inaongezwa juu ya upana, kadi ya tatu inakosa nafasi, inateremshwa kama abiria aliyezidi. Sijui box-sizing: border-box, inayoihesabu padingi ndani ya upana, ilimkosea nini, haijawahi kutoka kinywani mwake. Na kadi zikishafloti, divu, yaani boksi lililozibeba, inanywea, haina tena kimo, maandishi ya mwisho wa ukurasa yanapanda kujibanza ubavuni mwa kitenge. Mnajua alivyotibu? Aliweka <br>, tegi ya kuvunja mstari. Nikahesabu. Kumi na moja! Ndipo maandishi yakashuka. Akatugeukia na miwani yake: "Kanuni ni kanuni."

Bado kuna <center>, tegi ya kuweka vitu katikati iliyoambiwa ipumzike tangu HTML 4, mwaka 1997, mimi sijazaliwa.

Jana usiku nilijaribu peke yangu: display: grid, chini yake grid-template-columns: repeat(auto-fit, minmax(250px, 1fr)), nikamalizia na gap: 20px. Mistari mitatu. Nikawa nalibana dirisha kwa kipanya, kadi zinatoka tatu, zinakuwa mbili, inakuwa moja, kwa utii kama watoto wa chekechea. Kitu kimo kwenye Chrome na Firefox tangu Machi 2017! Leo nilitaka anieleze tu hiyo 1fr ni mnyama gani. Naambiwa ya TANESCO. Mbele ya watu. Kaa chini.

Konda naye ananiambia nikae, kuna siti. Sikai!

*

Mtoto wa Gongo la Mboto: Kwani kadanganya wapi? Gridi ya taifa ni ya nani?

Mzee wa Mkeka: Nimeshatandika. Chai ipo?

Bibi Divu: Pole mwanangu. Hiyo fr ni fungu la nafasi iliyobaki. Ukiandika 2fr 1fr, wa kwanza anachukua mafungu mawili, wa pili moja, kama mnavyogawana pilau. Lakini jihadhari: dada yako akibakiwa na kitenge kimoja dukani, auto-fit itaivuta kadi hiyo ijaze upana wote kama shuka. Weka auto-fill, inaacha nafasi zilizo tupu zibaki tupu.

Mleta mada: Bibi, shikamoo. Sentensi chache tu! Mimi nimelipa laki mbili na nusu kuambiwa ya TANESCO.

Bibi Divu: Marahaba. Na mimi nitumie hata ya vocha.

Fundi Fleksi: Kadi tatu tu gridi ya nini? Fleksiboksi, ile njia ya CSS ya kupanga vitu kwenye mstari mmoja, inatosha; flex-wrap: wrap ili vilivyozidi vishuke chini, mtu unalala. Gridi ni pale unapotaka safu na nguzo zitii kwa pamoja. Kwa hiyo mleta mada naye umekwenda kuuliza kitu usichokihitaji, halafu unalia.

Mleta mada: Nimechekwa na FENI, mkuu.

Kanuni77 (amejiunga leo, ujumbe 1): Tatizo la vijana wa siku hizi hamna subira. Mwalimu ana mpangilio wake. Float ni msingi. Kanuni ni kanuni.

Mtoto wa Gongo la Mboto: 😂😂😂 Mwalimu, karibu jukwaani. Miwani umeipangusa?

Mzee wa Mkeka: Mwalimu, float ililetwa ili maandishi yaizunguke picha kama gazetini. Nyie mkaigeuza nguzo ya nyumba.

Kanuni77: Mimi siye. Ila ningekuwa mimi, ningemjibu vilevile.

Dada wa Kiti: Mimi ndiye niliyecheka. Kiti kilikuwa kibovu tangu wiki ya kwanza, usinisingizie. Halafu husemi kwamba ulivyoambiwa kaa chini ulijibu "sawa mwalimu" ukaandika TANESCO kwenye daftari.

Mleta mada: Nilikuwa nanukuu ushahidi!

Kijana wa Usiku: Huyo ni malaika. Aliyenifundisha mimi alikuwa anaweka vichwa vyote h5, tegi ya kichwa cha daraja la tano, "kwa sababu kanakuja kadogo kazuri." Asiyeona anayesomewa ukurasa na simu anaruka kichwa hadi kichwa, akifika hapo anaona nyumba imeanzia darini. Nikimwambia weka h2 kisha punguza font-size kwenye CSS, ananiuliza "kwani wewe kipofu?"

Mama Alignment: Walimu tuwaache, nyie hamjakutana na wateja. Wangu amenitumia mchoro wa ukurasa kwa WhatsApp, picha ya karatasi ya daftari ina doa la mchuzi. Elfu hamsini, eti iwe kama ya Apple. Nimemaliza, akamuonyesha shemeji yake, shemeji kasema haimetimeti. Sasa nimeambiwa niiongezee kumeta.

Fundi Fleksi: Doa la mchuzi umelipa padingi ngapi?

Mama Alignment: Usinichekeshe, sijalipwa.

Kijana wa Usiku: Wa kwangu aliniita saa sita usiku, z-index, namba ya kusema kipi kikae juu ya kipi, haifanyi kazi. Nimeamka, nimekuta 999999999. Menyu imo ndani ya divu yenye opacity 0.9, yaani inayoonyesha kidogo kilicho nyuma yake, hiyo peke yake imeshajenga chumba chake, hata uweke milioni huko ndani hutoki. Nimemwambia weka 0.9 pembeni, kimya. Hata asante hakuna.

Zulekha wa Kona: Afadhali nyie mnadanganywa kwenye kioo. Fundi wangu wa nguo nimempa kitenge mita nne, harusi Jumamosi, leo ananiambia kimekosa kwenye mkono. Mita nne! Mkono wangu ni wa twiga?

Mama Alignment: Wa wapi huyo, si yule wa karibu na kituo cha mafuta? Aliila gauni ya mdogo wangu Pasaka.

Zulekha wa Kona: Huyohuyo!! Anajifanya cherehani imekatika sindano.

Mzee wa Mkeka: Nahamisha mkeka nausogeza huku kwa Zulekha.

Mleta mada: Jamani. Uzi ulikuwa wa gridi.

Mtoto wa Gongo la Mboto: Gridi kaipeleke TANESCO. Dada Zulekha, mita nne zilitoka kwa dada yake mleta mada?

Zulekha wa Kona: Ana duka wapi? Bei gani?

Mleta mada: Buguruni. Ngoja nitume kiungo cha ukurasa.

Zulekha wa Kona: Nimefungua kwa simu. Vizuri sana, zimepangana moja moja. Hiki cha bluu cha pili kimebaki?