Profoma ya mstari mmoja ya tovuti: huu mchezo ukome

Wakuu,

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, loji au saluni anaomba bei ya tovuti, anatumiwa profoma, yaani karatasi ya bei, yenye mstari mmoja: "Kutengeneza tovuti, TSh 1,500,000". Chini muhuri na namba ya kulipia. Kurasa ngapi? Haijaandikwa. Nani anaandika maneno na kupiga picha? Haijaandikwa. Mwaka wa pili atalipa nini? Kimya. Anatanguliza nusu, miezi kumi na miwili inapita, tovuti inazimika, ndipo anaambiwa hata lile jina lake la mtandaoni limesajiliwa kwa mtu mwingine. Hili linafanyika mchana kweupe na tumelizoea. Inatia hasira!

Milioni moja na nusu inaweza kuwa bei halali kabisa, na hapa chini nitaitetea. Ila anayelipa ana haki ya kuona imetoka wapi.

Chukua tovuti ya kawaida ya kurasa tano: mwanzo, kuhusu sisi, huduma na bei, picha, mawasiliano.

Domeni (lile jina la mtandaoni) ya .co.tz, inayouzwa na wasajili, yaani kampuni zenye kibali cha kuuza domeni, haifiki elfu 50 kwa mwaka. Tuweke 45,000. Ya .com inacheza kati ya dola 10 na 20. Bei ya jumla, ile wanayouziwa wasajili, ilipandishwa Septemba 2024 hadi dola 10.26, kwa hiyo anayekuuzia kwa dola mbili anakupa ofa ya mwaka wa kwanza tu, bei yake ya kweli utaikuta mwaka wa pili. Hostingi ya kushea, yaani nafasi kwenye seva mnayotumia wengi, yenye cPanel (paneli ya kuiendeshea), tuweke 125,000 kwa mwaka, maana tovuti hii haijazi hata GB 1. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ni bure. Themu (muundo wa mwonekano) au programu ya kujengea kurasa ya kulipia ni karibu dola 60, sema 150,000, na leseni hiyo ni ya tovuti moja. SSL, kile kikufuli cha kwenye anwani, Let's Encrypt wanaitoa bure na hostingi nyingi zinaihuisha zenyewe. Ukikuta laki mbili za SSL kwenye ankara ya kurasa tano, mtake maelezo kabla hujalipa.

Jumla 320,000. Zilizobaki ni jasho la mtu, na hapa mafundi wazuri wanajiumiza wenyewe kwa kunyamaza. Kukaa na mteja na kupanga kila ukurasa uwe na nini: saa 5. Kusimika na kujenga kurasa zikae sawa kwenye simu: saa 14. Kuandika maneno na kuyasahihisha: saa 8, na mara nyingi ndiyo inayochelewesha kazi nzima kwa sababu kila upande unadhani mwenzake ataandika. Picha saa 4, baruapepe na DNS (mipangilio inayoelekeza domeni kwenye seva) saa 2, majaribio na kumfundisha mteja saa 3. Ni saa 36. Kwa 20,000 kwa saa unapata 720,000. Ongeza mpiga picha wa nusu siku kwa 230,000, halafu VAT ya asilimia 18 ya Bara kama fundi amesajiliwa, unafika 1,498,600. Si hiyo hapo? Kwa nini mtu anashindwa kuandika mistari kumi, anaacha mteja aende kwa wa laki mbili akidhani ananunua kitu kile kile?

Na huyo wa laki mbili mmuelewe vizuri. Domeni na hostingi vikitoka, mfukoni anabaki na elfu thelathini. Hawezi kununua leseni, hivyo anashusha themu iliyovunjwa na kuipachika kwenye tovuti zote za wateja wake. Themu hizo mara nyingi zina msimbo wa ziada ndani. Mwenye duka akiandika anwani moja kwa moja kwenye kompyuta yake anaona tovuti yake safi. Mteja anayekuja kutoka Google kwa simu anarushwa kwenye kurasa za kamari. Mwenye mali anaweza kukaa miezi asijue. Jipime leo: andika kwenye Google site:jinalako.co.tz, bila nafasi baada ya nukta mbili. Zikitokea kurasa za Kijapani au za dawa ambazo hukuziandika, umeshaingiliwa.

Sasa suala la domeni, ambalo ndilo baya kuliko yote. Fungua WHOIS ya .tz, daftari la wazi la wenye domeni, andika domeni yako, soma sehemu ya mmiliki. Kama kuna jina la fundi, domeni ni yake, hata kama risiti ya malipo ni yako. Siku mkigombana au akibadili namba ya simu, baruapepe zako, vipeperushi na maandishi kwenye gari la mizigo vyote vinaelekeza kwa kitu usichokimiliki. Kwa .com taarifa huwa zimefichwa, kwa hiyo dai akaunti ya msajili ifunguliwe kwa baruapepe yako wewe, na fundi apewe ruhusa ya kuingia tu. Ukiichelewesha .com ikaisha muda na kufutwa, kuna siku 30 za kuikomboa kwa faini nzito, kisha siku 5, kisha yeyote anaichukua. Ukitaka kuhamia kwa msajili mwingine, dai msimbo wa uhamisho. Fundi anayeukatalia mteja aliyemaliza kulipa amemteka, hakuna neno lingine.

Picha. Simu ya kawaida inatoa picha ya MB 4. Ukipandisha sita kama zilivyo, ukurasa wa mwanzo unakuwa MB 24, yaani bando la GB 1 linaisha kwa kuufungua mara arobaini na kidogo. Nani atasubiri? Zipunguzwe upana hadi pikseli 1,200, zigeuzwe WebP (aina nyepesi ya faili ya picha), kila moja ishuke kwenye KB 150 hivi. Sita zote hazifiki MB 1. Kazi ya dakika ishirini!

Fomu ya mawasiliano nayo huachwa itume kwa njia ya kawaida ya seva, na ujumbe wa wateja unaishia kwenye spamu. Iunganishwe kwa SMTP, yaani itume kupitia akaunti halisi ya baruapepe, na DNS iwe na SPF, DKIM na DMARC, rekodi zinazothibitisha kwamba ujumbe umetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Gmail imekaza masharti kwa watumaji. Kipimo: jitumie ujumbe kwenye Gmail, bonyeza nukta tatu, fungua ujumbe asilia, tafuta PASS. Na kiungo cha WhatsApp kiandikwe wa.me/255 kisha namba bila sifuri ya mwanzo; ukiibakiza hiyo sifuri, kitufe hakimpati mtu. Fomu inayokusanya majina na namba za watu iwe na tamko la faragha, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023.

Mwaka wa pili: domeni, hostingi na leseni, ile 320,000. Anayetaka laki sita za "matengenezo" aandike anafanya nini kila mwezi: kusasisha WordPress na plagini (programu ndogo za nyongeza), kuchukua bekapu (nakala ya akiba) na kuiweka nje ya seva ile ile, na kujaribu kuirudisha angalau mara mbili kwa mwaka. Bekapu ambayo haijawahi kujaribiwa msiilipie.

Wateja na nyie, msitoe salio la mwisho kabla ya kukabidhiwa nywila ya msajili, ya cPanel na ya WordPress yenye ngazi ya msimamizi, na mkaingia wenyewe mkiwa mmekaa na fundi.

Mwenye profoma ya mstari mmoja aiweke hapa, afiche majina na namba za simu. Tutaipasua mstari kwa mstari.