Kikundi cha Nyumba ya Bi Kauthar: mashine ya oksijeni

*Jumatatu, 12 Julai 2021*

[20:02] Shangazi Mwanaidi: Assalamu alaykum nyote. Zuhura na wenzake wa uzamili wamechangisha huko Nairobi, wamepata nusu ya bei ya mashine ya oksijeni ya zahanati yetu. Nusu iliyobaki ni yetu. M-Pesa yangu, kabla ya Alhamisi.

[20:40] Shangazi Mwanaidi: Naona tiki za buluu. Mmesoma.

[20:51] Bakari: Waalaykum salaam. Kwani mitungi haipo?

[20:55] Zuhura: Mtungi huisha, ami, na kuujaza ni foleni. Mashine hii yavuta hewa hii hii, ambayo oksijeni ni asilimia 21 tu. Ndani mna chembe za zeolaiti, aina ya madini, zashika naitrojeni, yatoka oksijeni ya asilimia 90 hivi. Lita 5 kwa dakika. Yataka umeme tu.

[20:56] Bakari: Umeme TU? Mtaa huu?

[20:58] Zuhura: Ndiyo maana mtungi mmoja wabaki wa akiba, na stebilaiza ya kutuliza umeme imo kwenye bajeti. Ila aliyezidiwa bado lazima akimbizwe hospitali kubwa. Lita 5 hazimtoshi.

[21:03] Swaleh: Si mtengeneze yenu? Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walitengeneza mashine ya kupumulia mwaka jana.

[21:05] Zuhura: Kweli, Aprili 2020. Lakini kifaa cha mgonjwa sharti kijaribiwe na kiidhinishwe kwanza. Wagonjwa wetu hawana muda huo. Tutaleta pia vile vipimo vya kubana kidoleni, vya kupima oksijeni ya damu. Kikisoma chini ya asilimia 94, msingoje asubuhi. Na kucha zisiwe na rangi wala hina nyeusi, kipimo hudanganya.

[21:06] Swaleh: Bi harusi wa Ijumaa hapimiki basi 😂

[21:06] Mwanakombo: Apimwe sikio 😂😂

[21:09] Aziza: Jamani nani ana namba ya yule mpaka hina wa Kuze?

[21:10] Shangazi Mwanaidi: Hina baadaye!! ALHAMISI.

[21:22] Bakari: Kabla ya hiyo Alhamisi, pesa za tangi la maji zilikwenda wapi?

[21:23] Shangazi Mwanaidi: Hilo tulilimaliza barazani.

[21:23] Bakari: Ulilimaliza wewe.

[21:25] Shangazi Mwanaidi: _Ujumbe huu umefutwa_

[21:31] Swaleh: Mie naona mwaka huu tuache mbuzi wa Idd, pesa ziende kwenye mashine.

[22:17] Babu Athman: Udhia wa kuchinja ni udhia, sadaka ni sadaka. Msichanganye. Kakangu mwaka jana alingoja mtungi usiku kucha wa kafyu ya korona. Uliletwa sisi twamvika sanda. Natoa elfu kumi. Pesa ashike Zuhura, si Mwanaidi wala Bakari, na hesabu iwekwe hapa kila mtu aione.

[22:49] Aziza: Mungu amrehemu.

[22:50] Mwanakombo: Amin.

[22:58] Shangazi Mwanaidi: Amin. Sawa baba. Zuhura, weka namba yako.

*Jumanne, 13 Julai 2021*

[06:12] Zuhura: Shikamoo babu. Orodha mpaka sasa: Babu 10,000, Shangazi Mwanaidi 5,000, Mwanakombo 2,000. Muuzaji atushikilia mashine mpaka Ijumaa. Bado sana.

[06:40] Bakari: Nitatuma jioni. La tangi sijalisahau.

[07:15] Shangazi Mwanaidi: Na nyinyi wa Dubai mbona kimya?

[13:05] Feisal: Ndiyo natoka kazini. Mashine gani?