Kijana wa miaka 9 kashikwa na Waviking na majoka. Nianze na kitabu gani?

mama_wa_watatu:
Hamjambo wapendwa. Tunaishi Denmark, na juzi darasa la mwanangu lilipelekwa Roskilde kwenye makumbusho ya meli za Waviking, wale mabaharia wa kale wa huku Skandinavia. Wakaziona zile meli tano zilizoopolewa kutoka kwenye ghuba mwaka 1962. Tangu arudi hatulali: asubuhi Waviking, jioni majoka. Filamu ya Hiccup, yule mvulana wa Kiviking, na joka lake Toothless ameshaikariri yote. Sasa nataka kila usiku nimsomee kitabu, niwe namsimulia kwa Kiswahili ukurasa kwa ukurasa, maana lugha imeanza kumponyoka. Anapenda kucheka, vya kutisha sana hataki. Nianze na kipi? Na je, vina maneno machafu? Bibi yake yuko nasi kwa sasa na chumba ni kimoja.

binti_wa_pangani:
Dada, anza na How to Train Your Dragon cha Cressida Cowell, kile cha kwanza kabisa cha mwaka 2003. Kwamba filamu ameiona isikutie wasiwasi, hizo ni hadithi mbili. Katika filamu ya 2010 Toothless ni joka jeusi, kubwa, linabeba mtu angani. Kitabuni ni kijoka kidogo cha kijani, kibogoyo, kinachodeka, kilafi, na hakisikii la mtu. Yule Astrid, msichana wa kwenye filamu, hayumo kabisa. Mwanao atakukatiza kila baada ya mistari miwili akisema "siyo hivyo!", na hapo ndipo atakapolazimika kubishana nawe kwa Kiswahili.

Nikueleze kipande ninachokipenda kuliko vyote. Wavulana wa kisiwa cha Berk wanatumwa kwenye pango lililojaa majoka yaliyolala, kila mmoja aibe lake alifundishe. Atakayeshindwa anafukuzwa kwenye kabila. Hiccup ni mtoto wa chifu, mwembamba, sauti yake haifiki mbali. Anakimbilia kitabu cha Profesa Yobbish, mtaalamu wa kufundisha majoka. Anakifungua, na ndani mna ushauri mmoja tu: lipigie joka makelele, na kadiri unavyopaza sauti ndivyo bora. Basi! Ukifika hapo, mpe mwanao asome huo mstari yeye, apige kelele kwa nguvu zake zote. Wangu walikuwa wanadai turudie kila usiku.

Sasa Hiccup kupiga kelele hawezi. Anachoweza ni kuzungumza na majoka kwa lugha yao, jambo ambalo kwao ni marufuku. Anakaa, anaandika orodha ya vitu vinavyoweza kumfanya Toothless amsikilize: shukrani, hofu, ulafi, majivuno, mpaka utani. Kimoja baada ya kingine anavijaribu, na yule kijoka anamsumbua vibaya mno. Mimi naamini hapa ndipo uzuri wa vitabu hivi ulipo, kuliko hata mapigano. Mtoto anacheka, lakini anaona mwenzake mnyonge akifikiri.

Maneno machafu ya kumwaibisha bibi hakuna. Kamasi zipo, kujamba kupo, uvundo wa samaki upo kila ukurasa. Cowell alipokuwa mdogo familia yake ilikuwa ikienda majira ya joto kwenye kisiwa kisicho na watu, pwani ya magharibi ya Scotland, kwa hiyo bahari na upepo na nguo zisizokauka anavijua. Michoro kachora mwenyewe, ina madoa ya wino kama daftari la mtoto, na kitabu kinajifanya kimeandikwa na Hiccup mwenyewe alipokuwa mzee. Kaa naye mahali anapouona ukurasa, usimsomee kutoka upande wa pili wa kitanda.

Viko 12, cha mwisho cha 2015. Kuanzia katikati mambo yanakuwa mazito, kuna utumwa na vita baina ya watu na majoka. Vile vya mwisho mwekee mpaka akue kidogo.

msimulizi_kongwe:
Sikubishii, dada wa Pangani, ila visa vya Waviking wenyewe navyo vinachekesha. Mama, msimulie kisa cha Ragnar, shujaa wa Waviking. Thora, binti wa mkuu mmoja, anapewa kijoka kidogo mithili ya nyoka, anakilaza juu ya dhahabu. Kijoka kinakua, na dhahabu iliyo chini yake inaongezeka. Mwisho kinaizunguka nyumba nzima na kula ng'ombe mmoja kila siku! Ragnar anashona suruali ya manyoya, anaichemsha kwenye lami ili sumu isipenye, anakwenda kulichoma mkuki. Kwa suruali hiyo akapata jina lake, Lodbrok, yaani suruali ya manyoya. Kisa hiki kiliandikwa Iceland karne ya 13. Na mwambie kofia zenye pembe hawakuvaa vitani. Zilienezwa na mavazi ya opera ya Wagner, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, mwaka 1876.

mama_wa_watatu:
Asanteni sana. Cha kwanza nimeshakiomba maktaba. Kaka, hiyo suruali nitamsimulia leo leo. Swali moja: siku nikiwa zamu ya usiku nifanyeje?

binti_wa_pangani:
Vitabu hivyo vipo pia vya kusikiliza, vimesomwa na David Tennant, mwigizaji wa Scotland, na kila mhusika ana sauti yake. Vinatamba! Ila ni Kiingereza, na wewe shida yako ni Kiswahili. Ningekuwa wewe ningemwachia bibi zamu hiyo. Mpe kisa cha Ragnar mchana akishike, usiku asimulie kwa namna yake. Akimaliza hicho mpe cha Sigurd, shujaa mwingine wa visa hivyo vya kale, aliyeonja damu ya moyo wa joka Fafnir akaanza kuelewa ndege wanasema nini. Mwanao akifika pale Hiccup anapoongea na majoka, atakumbuka mwenyewe bila kuambiwa.