"Mtaji mfu" wa De Soto: kwa nini hati ya nyumba haileti mkopo?

Kiguzo_Nane (mwanzisha mada)
Wakuu, heshima kwenu. Mchumi wa Peru, Hernando de Soto, kwenye kitabu chake The Mystery of Capital (2000), alidai maskini duniani wamekalia mali isiyo na hati ya takriban dola trilioni 9.3. Akaiita mtaji mfu: ipe hati, itafufuka, itakopesheka. Tanzania ilimsikiliza. MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha mali na biashara za wanyonge, ilianza 2004, na Dar es Salaam zikatolewa leseni za makazi (vibali vya muda vya kukaa) kwenye maeneo yasiyopimwa. Mikopo ya benki haikufurika kama ilivyotarajiwa. Je, ni utekelezaji uliolegea, au nadharia yenyewe ya mtaji ndiyo yenye ufa? Naomba hoja zenye hesabu. Siasa ina jukwaa lake.

Dhamana_Kwanza
Mkuu, anzia mezani kwa afisa mikopo. Kitu cha kwanza anachokitazama ni taarifa ya akaunti ya miezi 6 hadi 12: pesa inaingia lini, inatoka lini, inabaki kiasi gani. Hati inakuja baadaye, kama kinga ya siku mkopo ukiharibika. Biashara isiyo na mzunguko haiokolewi na hati.

Halafu kuna gharama ambazo hazijali ukubwa wa mkopo: upekuzi kwa Msajili wa Hati, mthamini aliyesajiliwa, ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya familia (Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitaka), mwanasheria, kusajili rehani. Tuseme jumla ni 600,000. Kwa mkopo wa milioni 100 hiyo ni asilimia 0.6. Kwa mkopo wa milioni 3, anaoutaka mama mwenye genge, ni asilimia 20 kabla hata ya riba.

Na akishindwa kulipa? Benki inatoa notisi ya siku 60, mdaiwa anakimbilia mahakamani kuomba zuio, kesi inalala. Mnada ukifika, majirani hawanunui, maana nani anataka kuhamia nyumba ya mtu aliyetolewa vyombo nje akiwa bado anaishi mtaa wa pili? Ndiyo maana benki inaangalia thamani ya mauzo ya lazima, yaani bei ya nyumba ikiuzwa haraka kufidia deni, iliyo chini ya bei ya soko. Leseni ya makazi ina tatizo la ziada: ilianza na muda wa miaka 2, baadaye ikasogezwa hadi 5. Huwezi kuibebesha mkopo wa miaka 10.

Riba_na_Jasho
Dhamana_Kwanza kamaliza upande wa benki. Mimi nina ugomvi na ile trilioni 9.3 yenyewe. Mchumi wa Uingereza, Joan Robinson, aliuliza tangu 1953: mtaji unapimwa kwa kipimo gani? Kwa tani? Kwa saa za kazi? Ukisema kwa fedha, bei yake inategemea riba, na riba ndiyo uliyotaka kuieleza kwa kutumia wingi wa mtaji. Unazunguka palepale.

Chukua nyumba yenye kodi ya pango 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka (matengenezo na miezi ya chumba kitupu tuviache). Gawanya kodi hiyo ya mwaka kwa riba: riba ikiwa asilimia 10, nyumba ina thamani ya milioni 36. Riba ikipanda hadi 18, inashuka hadi milioni 20. Hakuna tofali lililobomoka. Sasa "mtaji mfu" ulikuwa milioni 36 au 20?

Kuna kibaya zaidi. Mfano wa mchumi wa Marekani, Paul Samuelson, wa 1966 una njia mbili za kutengeneza bidhaa moja. Njia A inataka vibarua 7 vipindi viwili kabla ya kuuza. Njia B inataka vibarua 2 vipindi vitatu kabla, na vibarua 6 kipindi kimoja kabla. Piga hesabu ya gharama pamoja na riba ya kila kipindi: chini ya asilimia 50, A ni nafuu, kati ya 50 na 100, B ni nafuu, juu ya 100, A inarudi kuwa nafuu. Ile kanuni ya vitabuni, kwamba riba ikishuka watu wanahamia njia yenye "mtaji mwingi zaidi", haisimami kila mahali. Samuelson, aliyekuwa upande unaoitetea, alikubali hivyo kwa maandishi. Cha ajabu, vitabu vingi vya mwaka wa kwanza vinaendelea kana kwamba ugomvi huo haukutokea.

De Soto anajumlisha nyumba kama mtu anayehesabu magunia ghalani. Kumbe bei ya kila nyumba inasimama kwa sababu nyingine zote haziuzwi siku hiyo.

Kiguzo_Nane
Nimekupata. Kwa hiyo tuache kutoa hati?

Mzani_wa_Korosho
Hapana, mkuu. Usichanganye ulinzi na mkopo. Pembezoni mwa Buenos Aires, Argentina, watu walivamia ardhi 1981. Baadaye serikali ikawalipa fidia wenye ardhi. Waliokubali, wakazi wao wakapata hati, waliokwenda mahakamani, wakazi wao wakabaki bila. Majirani walewale, hali ileile. Wachumi Sebastian Galiani na Ernesto Schargrodsky walipowalinganisha, wenye hati walikuwa wamejenga nyumba bora na watoto wao wamesoma zaidi. Kwenye mikopo, tofauti ilikuwa ndogo. Hati ilifanya kazi, ila si ile iliyotangazwa.

Ukitaka dhamana inayokopesheka, tazama stakabadhi ghalani, yenye sheria yake tangu 2005. Korosho zinapimwa uzito, unyevu na daraja, zinafungwa ghalani, karatasi inataja kiasi. Benki inakopesha kwa sababu mzigo una mnada na mnunuzi yupo. Mahali pa kuharibikia panajulikana: bei kushuka kati ya stakabadhi na mnada, korosho mbichi kupungua uzito zikikauka, makato ya chama kumla mkulima, na malipo kuchelewa. Malipo yakichelewa, mkulima mwenye njaa anarudi kwa kangomba (walanguzi wa korosho) na kuuza kwa bakuli.

Upande wa pili kuna M-Shwari, mikopo ya simu ya Kenya, tangu 2012: hakuna hati, hakuna ghala, dhamana ni rekodi ya matumizi yako ya simu. Ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukizungusha mwaka mzima bila kulimbikiza, hiyo ni asilimia 90. Na rekodi hiyo, tofauti na hati, huwezi kuibeba kwenda nayo kwa mkopeshaji mwingine. Hapo ndipo mimi ningeelekeza swali la mtaji leo: anayeishika rekodi ni nani, na nani anaruhusiwa kuihamisha.